Majirani wameshusha bei ya mabango: nikope ninunue mashine, au nigeuze biashara?

"Shikamoo mtaalamu. Nina duka la steshenari na kuprinti hapa Morogoro karibu na Msamvu. Nilianza 2019 na printa ndogo na picha za paspoti, 2022 nikanunua mashine ya mabango ya upana wa mita 1.6. Nina dizaina mmoja na vijana wawili. Bango nilikuwa nauza 12,000 kwa mita ya mraba, sasa mtaani kwetu wamefungua wengine watatu, wanauza 9,000 mpaka 8,500, na wateja wakubwa wanapanda SGR asubuhi wanaenda Kariakoo jioni wanarudi na mzigo. Nimeshuka hadi 9,500, kazi zipo ila mwisho wa mwezi sielewi hela imeenda wapi. Nafikiria kukopa milioni 28 ninunue mashine ya DTF ya tisheti, dhamana ni nyumba yetu. Mume wangu hataki. Rafiki yangu anasema kuprinti kumekufa, nigeuze iwe kampuni ya matangazo ya mtandaoni. Mimi sijasomea masoko. Nifanye lipi?"

Marahaba mdogo wangu. Swali lako nimelisoma mara tatu, na kila nikilirudia naona umeuliza mambo matatu ila linalokuuma ni moja tu: unafanya kazi nyingi kuliko zamani na hela huioni. Mashine inalia kutwa nzima, vijana wanatoka saa mbili usiku, halafu tarehe 30 ukifungua droo hamna kitu. Hilo naomba tulianze kwanza, maana usipolielewa ukanunua DTF utakuwa umehamisha tu lile shimo kutoka kwenye bango kwenda kwenye tisheti, na safari hii kuna nyumba juu yake.

Chukua kalkuleta. Mimi sijui gharama yako halisi, ila tuseme mita moja ya mraba inakugharimu 6,000 ukijumlisha flexi (lile turubai la bango), wino, umeme, ringi za kufungia kamba, na kidogo cha mshahara wa vijana. Ulipouza 12,000 ulibaki na 6,000, ukiprinti mita 100 kwa mwezi una 600,000. Sasa umeshusha hadi 9,500, unabaki na 3,500, kwa hiyo ili upate ile ile 600,000 inabidi uprinti zaidi ya mita 171. Ukimfuata jirani hadi 8,500 unabaki na 2,500, inabidi uprinti mita 240. Umeona hapo? Bei imeshuka kama theluthi hivi, lakini kazi imebidi iongezeke mara mbili na nusu kasoro kidogo, kwa mashine ile ile, kwa vijana wale wale, kwa heda ile ile (kichwa kinachotema wino) inayochakaa. Watu wengi wanadhani ukishusha bei kidogo unapoteza faida kidogo, hapana, punguzo lote linakatwa kwenye faida yako, gharama haiguswi hata shilingi. Muuza flexi hakushushii kwa sababu wewe umeshusha.

Na kuna tobo jingine ambalo nina wasiwasi hata majirani zako hawalioni. Mteja anakuja anataka bango la mita 1 kwa 2. Unamtoza mita 2 za mraba. Lakini roli lako lina upana wa 1.6, ile mita 2 haiwezi kukaa kwa upana, lazima ikae kwa urefu, kwa hiyo umekata flexi ya 1.6 kwa 2, yaani mita 3.2 za mraba. Ile kipande cha sentimita 60 pembeni inaenda wapi? Nenda kaangalie nyuma ya mashine yako sasa hivi, nadhani utakuta rundo limekunjwa pale, vijana wanalalia mchana. Hilo rundo ndo faida yako. Tufanye hesabu: tuseme flexi peke yake ni 3,000 kwa mita ya mraba na hayo mengine 3,000. Bango umeuza 19,000. Flexi iliyotumika ni 9,600 siyo 6,000, jumlisha mengine 6,000, jumla 15,600, umebaki na 3,400 wakati kichwani mwako ulijua una 7,000. Ukiuza kwa 8,500 kama jirani, bango zima linakuachia 1,400, hata bodaboda ya kulipeleka haitoshi. Weka namba zako mwenyewe utaona.

Dawa yake haihitaji mkopo. Nunua na roli la upana wa mita 1.07 uwe nalo, mabango ya mita 1 yote yaende huko. Kazi ndogo ndogo zisiprintiwe moja moja mteja akisimama mlangoni, mwambie kesho saa nne, uzipange pamoja zijaze upana wa roli. Anayetaka ndani ya saa moja alipie haraka yake, na usione aibu kumtoza, maana yule mwenye haraka ndiye anayekuharibia roli. Na mpe dizaina wako sheria, kabla hajafunga faili aangalie saizi inakaaje kwenye roli, mara nyingi ukimwambia mteja afanye 1.5 kwa 1 badala ya 2 kwa 1 anakubali, bango linakaa vizuri kwa upana, na yeye analipa pungufu wewe unapata zaidi.

Sasa tuje kwa wanaopanda SGR. Usiwachukie. Nauli ya daraja la kawaida Dar mpaka Moro ilitangazwa 13,000 mwaka 2024, kwenda na kurudi 26,000, hapo bado bodaboda ya kutoka stesheni, chakula, na hela ya winga pale Kariakoo anayemshika mkono kumpeleka dukani na kuongeza chake juu bila kumwambia. Mtu mwenye bango moja hawezi kufanya hiyo safari, hesabu haikubali. Anayekwenda ni mwenye tisheti 200 au kalenda 1,000, na huyo ana sababu, kule wana ofseti. Mashine ya ofseti ukiwasha lazima utengeneze pleti, ufunge, upoteze karatasi za kutosha mpaka rangi zikae, hiyo gharama ni ile ile uchape 100 au 5,000, ndo maana kopi 100 za ofseti ni ghali na kopi 5,000 ni rahisi, wakati mashine yako ya dijitali kopi ya kwanza na ya mia bei sawa. Kwa hiyo kwenye kalenda 1,000 usishindane na Kariakoo, nenda wewe Kariakoo. Tafuta mchapaji mmoja au wawili pale wa kuaminika, upewe bei ya mchapaji mwenzao, wewe ubaki na mteja, dizaini, ukaguzi na kuleta mzigo mpaka mlangoni kwake. Mkuu wa shule ya Kihonda hataki kupoteza siku nzima Dar akizunguka na winga, anataka mtu wa Moro anayemjua ambaye kalenda zikija zimekosewa atamkamata. Hilo unaliuza, na lina thamani yake.

Hilo ndo jambo ninalotaka ulishike kuliko yote. Biashara yako inasubiri mlangoni. Anayepita anaulizia bei, anakwenda kwa jirani anaulizia, anarudi kwako au harudi. Mtu wa hivyo hana kitu cha kukupimia isipokuwa bei, maana hakujui. Lakini wapo wateja ambao mahitaji yao yana tarehe, kila mwaka tarehe ile ile, na hao hawapiti mlangoni, inabidi uwafuate kabla hawajaanza kuulizia.

Hebu ipitie kalenda ya Morogoro na mimi. Januari shule zinafungua, kuna ripoti, beji, vitabu vya risiti za ada, mabango ya usajili. Machi 8 Siku ya Wanawake, kila ofisi inataka tisheti na bango la maandamano. Mei Mosi hivyo hivyo, tena kubwa zaidi. Mei na Juni ofisi za serikali zinafunga mwaka wa fedha tarehe 30 Juni, mwenye bajeti iliyobaki anataka kuimaliza. Sabasaba Dar, halafu Nane Nane hapo hapo kwenu, mikoa ya kanda ya mashariki inakusanyika uwanjani kwenu, mabanda yanataka mabango, rolapu, vipeperushi, tisheti, vibao vya majina, na wewe uko dakika chache tu kutoka uwanjani wakati mwenzako wa Tanga bango lake likichanika usiku hana pa kwenda. Septemba na Oktoba mahafali ya darasa la saba na kidato cha nne. Novemba mahafali ya vyuo, na Moro mna SUA, mna Mzumbe, mna Chuo Kikuu cha Waislamu. Oktoba mpaka Desemba kalenda na dayari. Ramadhani nayo ina ratiba zake za futari ambazo misikiti na wafanyabiashara wanapenda kugawa, tarehe zake zinasogea kila mwaka, ziandike.

Sasa chukua daftari, au risiti zako za EFD za miezi 12 iliyopita, na simu yako, kaa na dizaina wako Jumapili moja mwandike kila mteja aliyenunua zaidi ya mara moja: jina, ofisi, alinunua nini, mwezi gani, shilingi ngapi, nani alitoa oda. Acha waliopita. Kwenye maduka niliyowahi kukaa nayo kufanya zoezi hili, mwenye duka huwa anashangaa, kuna watu kumi na tano, ishirini hivi wamebeba mwaka mzima, na nusu yao hajawapigia simu hata siku moja. Mmoja aliniambia "mbona huyu sista wa zahanati amenunua zaidi ya ile kampuni ninayoiogopa." Ndiyo, kadi za kliniki, faili, fomu, kila miezi miwili, kimya kimya, na alikuwa anasubirishwa foleni pamoja na wapiga kopi ya kitambulisho.

Hao ishirini ndo uwafuate, wiki sita kabla ya tarehe yao. Siyo wiki moja. Wiki moja kabla ameshapewa maagizo na bosi, anakimbizana kukusanya profoma tatu, yaani karatasi za bei kutoka maduka matatu, na kwenye profoma tatu anashinda wa bei ndogo. Wiki sita kabla anakuwa bado hajui anataka nini, wewe unakwenda na sampuli mbili mkononi, unamwambia "mwaka jana mlifanya tisheti 60, zikaisha saizi za L, mwaka huu tuongeze L tupunguze S, na bango la mwaka jana bado zima tubadilishe kipande cha tarehe tu msilipe lote." Mtu akiambiwa hivyo anajua umemkumbuka. Hata akitakiwa kuleta profoma tatu, maelezo ya kazi atakuwa ameyaandika kwa ulivyomfundisha wewe, aina ya kitambaa, uzito, mshono, na jirani wa bei ndogo itabidi naye apige bei ya kitambaa hicho hicho, siyo kile cha kuonekana mpaka ndani.

Kwenye hiyo hiyo safari utakutana na mtu wa manunuzi atakayekunong'oneza anataka chake. Nakujibu waziwazi maana najua utaulizwa: usitoe. Mbali na kuwa ni kosa kisheria, siku bosi wake akibadilishwa na wewe umekwenda na maji, na bei yako itakuwa imevimba mpaka mtu yeyote akiikagua anaona. Utapoteza oda kadhaa kwa kukataa, hilo ni kweli na linauma. Zipo ofisi nyingi ambazo hawaombi.

Kazi za serikali zenyewe siku hizi zinapita NeST, ule mfumo wa manunuzi wa mtandaoni ulioanza 2023, kwa hiyo jisajili kama bado, andaa TIN, leseni, usajili wa BRELA na cheti cha TRA cha kutodaiwa. Kuna asilimia 30 ya manunuzi ya umma imetengwa kwa makundi maalumu, wanawake, vijana, wazee na watu wenye ulemavu, na kikundi cha akina mama kilichosajiliwa kinaweza kuingia humo, ulizia ofisi ya maendeleo ya jamii ya manispaa. Ila malipo yanaweza kuchelewa. Usikubali LPO, ile oda ya maandishi ya kulipwa baadaye, ambayo ikikaa siku 90 bila kulipwa utashindwa kununua flexi. Jiwekee kiwango, kwa mfano jumla ya hela yako iliyoko nje kwa mikopo isizidi mauzo ya mwezi mmoja, ikifika hapo unasema ahsante tutafanya inayofuata. Kwa watu binafsi advansi asilimia 60 au 70 kabla dizaina hajagusa kompyuta, bila kuoneana haya, hata kama ni mjomba.

Tuje kwa DTF. Mashine nzuri, siisemi vibaya, inaprinti kwenye filamu halafu unabandika kwenye nguo kwa joto, inakubali pamba, polista, rangi yoyote, hata tisheti moja. Lakini kuna kitu wauzaji hawakielezi vizuri. Inatumia wino mweupe, na weupe wake unatokana na unga wa titani ambao ni mzito, ukikaa bila kutembea unazama chini kama tope la chokaa kwenye ndoo, unaziba mirija, unaziba heda. Mashine hiyo inataka ifanye kazi kila siku, au walau iamshwe na kusafishwa kila siku, na kusafisha nako kunakula wino. Sasa wewe tisheti zako zinakuja Machi, zinakuja Mei, zinakuja Agosti. Juni mashine inafanya nini? Inakula wino na inakudai marejesho.

Tuseme marejesho ya huo mkopo yanafika 1,500,000 kwa mwezi. Na kila tisheti, ukitoa filamu, wino, gundi ya unga na umeme, inakuachia 2,500. Ni tisheti 600 kila mwezi kulipa benki tu, kama 23 kwa siku ukifungua siku 26, ndipo uanze kupata chako. Leo unaprinti ngapi? Kama jibu ni "zinakuja kwa msimu" basi mumeo hajakosea. Na kwa sheria zetu nyumba ya ndoa haiwekwi rehani bila ridhaa ya mwenza, kwa hiyo hata ukitaka kwenda peke yako hutaweza, wala usijaribu njia ya mkato hapo.

Fanya hivi. Nunua mashine ya joto tu, ile ya kubonyeza, ya sentimita 38 kwa 38 inatosha kabisa, bei yake ni sehemu ndogo sana ya hizo milioni 28. Dizaini mtengeneze wenyewe, mtume faili Dar, wapo wanaoprinti filamu za DTF kwa mita, zinakunjwa kama kanga kwenye bahasha, zinawekwa kwenye basi jioni, asubuhi unazipokea hapo hapo Msamvu. Unabandika, nyuzi 150 hivi kwa sekunde 10 mpaka 15, unaacha ipoe kama filamu yenyewe inataka kupoa, unabandua. Faida kwa tisheti itakuwa ndogo kuliko ukiwa na mashine yako, sikufichi, lakini hakuna wino unaooza na hakuna mtu anayekugongea mlango tarehe 5. Weka rekodi. Ukiona miezi mitatu mfululizo, tena siyo ya msimu, hela unayompa yule wa Dar kwa filamu ukitoa gharama za wino na filamu ambazo hata wewe ungelipa inazidi marejesho ya mkopo, basi hapo mashine imejilipia yenyewe kabla hujainunua, nenda kakope, tena kwa dhamana nyingine kama ipo.

Rafiki yako anayesema kuprinti kumekufa ana nusu ya ukweli. Kadi za harusi kweli zimehamia WhatsApp, mgeni anaskaniwa mlangoni ukumbini. Vitabu vya risiti vimepungua tangu EFD. Vipeperushi vya kugawa stendi hakuna anayesoma. Lakini angalia upande wa pili. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku 1 Juni 2019, tangu siku hiyo kila duka linalojiheshimu linataka mfuko wenye jina lake. Na wasindikaji wadogo wamejaa Morogoro, asali, viungo vya Uluguru, karanga za kusaga, mchele wa Kilombero, unga wa lishe. Hao wote wanahitaji lebo, na lebo haihamii Instagram, lazima ibandikwe kwenye chupa.

Hapa ningekaa sana kama ningekuwa wewe. Nenda sokoni Chifu Kingalu leo, chukua kopo moja la siagi ya karanga la mjasiriamali wa hapo hapo, liangalie lebo yake. Mara nyingi ni karatasi ya kawaida iliyoprintiwa kwa leza na kubandikwa kwa selotepu, mafuta yameingia pembeni imekuwa ya njano inapenya mwanga, tarehe imefutika kwa kushikwashikwa. Mama yule anajua chupa yake inaonekana duni pembeni ya ya kiwandani, ila hajui nini kifanyike. Wewe unajua: stika ya vinaili, laminesheni juu, ikatwe na plotta, mafuta hayaingii, jasho la friji haliiondoi. Ila ujifunze na masharti ya kwenye lebo, maana TBS ndo wanaosimamia chakula tangu 2019, lebo iwe na jina la bidhaa, viambato, uzito halisi, jina na anwani ya mtengenezaji, tarehe ya kutengenezwa na ya mwisho wa matumizi, namba ya toleo. Ukimkumbusha mteja kitu alichosahau umemwokoa kuprinti mara mbili. Na jambo dogo la misimbo, zile bakodi: mteja anazipata GS1 Tanzania, kazi yako ni kuziprinti zisomeke, acha nafasi nyeupe pande zote mbili, mistari iwe nyeusi kwenye nyeupe. Usikubali dizaina aifanye nyekundu ili ifanane na nembo, skana nyingi za dukani zinatumia mwanga mwekundu na mstari mwekundu zinauona kama mweupe, bidhaa inafika kaunta haisomi.

Hesabu yake sasa. Mama mmoja wa lebo 500 kwa mwezi, shilingi 150 kila moja, ni 75,000. Ukipata kumi na wawili ni 900,000 kila mwezi, na hakuna hata mmoja atakayekuuliza mita ya mraba ni bei gani, maana faili lake liko kwako, vipimo vya chupa yake viko kwako, rangi yake iko kwako. Anakuandikia tu WhatsApp "dada nifanyie zile 500." Pa kuwapata ni ofisi ya SIDO ya mkoa, ulizia wasindikaji wanaofanya mafunzo, omba nafasi ya kuonyesha sampuli siku wakikutana.

Hiyo ya kugeuka kampuni ya matangazo ya mtandaoni, mimi nasema usiruke. Ni biashara nyingine kabisa, unauza muda na matokeo, na mteja akilipa laki tatu kwa mwezi anataka kuona wanunuzi wamekuja, wasipokuja lawama ni yako hata kama bidhaa yake ni mbovu. Ila kuna vipande vyake vinavyokaa vizuri na unachofanya tayari. Loji ya Mikumi ukiiprintia broshua, una picha na dizaini tayari, watengenezee na posti nne za mwezi za WhatsApp na Instagram kwa bei yake, uwawekee duka lao kwenye ramani ya Google likiwa na picha na namba sahihi, kila mwezi ukumbushe menyu ikibadilika. Anza na wateja watatu unaowajua, miezi minne, uone dizaina wako anaweza bila kuchelewesha kazi za kuprinti. Usimwahidi mtu idadi ya wafuasi wala mauzo. Na kuanzia leo dizaini iwe na bei yake kwenye profoma, mstari wake peke yake, maana ukiitoa bure mteja anachukua faili anakwenda nalo kwa jirani wa 8,500, umemfanyia jirani kazi.

Nikueleze na kilichonipata mimi, kwa sababu nisingependa kikupate. Miaka ya mwanzo nilipewa kazi ya broshua 3,000 za loji moja, haraka haraka, mwenye kazi akaniambia kwa simu "iko sawa chapa tu". Zikatoka nzuri kweli, rangi imekaa, karatasi inang'aa, nikampelekea mwenyewe kwa furaha. Akaichukua ya juu, akaigeuza, akasoma, kisha akanyamaza. Namba ya simu ilikuwa na 7 mbili mahali palipotakiwa 7 moja tu. Hakuna karatasi iliyosainiwa, hakuna ujumbe, neno lake kwa langu. Nilichapa upya zote kwa hela yangu, na ilikuwa ada ya mtoto. Tangu siku hiyo haitoki kazi bila prufu, hata kadi 50. Unamtumia picha kwenye WhatsApp, unamwomba asome namba za simu na tarehe na majina kwa sauti, ajibu kwa maandishi "nimesoma nimekubali", unahifadhi. Kwa kazi kubwa asaini karatasi. Wateja wengine watanuna, waache wanune.

Mambo ya kutafuta mtu ana kwa ana. Kodi: mauzo yako yakikaribia milioni 200 kwa mwaka usajili wa VAT unakuhusu, na ukishasajiliwa ile asilimia 18 lazima iingie kwenye bei, sasa kama unauza bila kujua utailipa kutoka mfukoni, kwa hiyo mtafute mhasibu aliyesajiliwa akukalie nusu siku na vitabu vyako, au nenda dawati la elimu ya mlipakodi TRA hapo Moro, hawatozi. Mteja akikukata kodi ya zuio mdai cheti chake usiache, ni hela yako hiyo. Mkopo: kabla ya kusaini chochote mpe mwanasheria mkataba asome vifungu vya ucheleweshaji, wewe na mumeo mkiwa wote wawili. Na ukifika siku ya kununua mashine, hasa iliyotumika, usiende na muuzaji peke yake, mlipe fundi wako nauli aje aprinti kipimo cha heda mbele yako, rangi kwa rangi, mistari ikikatika katika hata sehemu moja ulizia bei ya heda mpya kwanza kabla hujaongea bei ya mashine.

Kuhusu 9,500 yako, usipandishe kesho ghafla. Iache hapo kwa wapita njia wanaochukua flexi ya kawaida na kusubiri mpaka kesho yake, weka bei nyingine kwa kazi za haraka, na nyingine kwa flexi nzito yenye pindo la kushonwa na ringi kila nusu mita na kupelekewa mpaka kufungwa ukutani. Kisha lile daftari la wateja lifanye Jumapili hii, na Jumatatu mpigie yule aliyenunua mara nyingi kuliko wote, usimuuzie kitu siku hiyo, muulize tu kazi ya mwisho ilikuwaje na inayofuata ni lini.